Pale Ramani Mbili Zinapokutana: Shajara ya Mradi wa Njia za Miguu na Maeneo ya Wazi

Shajara hii inatunzwa na kamati ya ufundi ya chama cha mipangomiji cha kanda chenye matawi 5. Mradi ni huu: ramani moja ya njia za waenda kwa miguu na maeneo ya wazi kwa kanda nzima, itundikwe hadharani tarehe 8 Novemba, Siku ya Mipangomiji Duniani, ile iliyoasisiwa mwaka 1949 na Carlos María della Paolera wa Chuo Kikuu cha Buenos Aires. Tunaandika kila mwisho wa juma, kazi ikiwa bado ya moto, ili tawi litakaloanza nyuma lisikanyage mwiba uleule.

Wiki ya 1: Maneno kwanza

Kila tawi lilileta ramani yake, na kila moja ikitazamwa peke yake haina kasoro kubwa. Zilipowekwa ubavu kwa ubavu kwenye skrini moja, barabara kuu inayounganisha miji miwili ilionekana ina njia ya miguu hadi mpakani, kisha njia ikatoweka. Ardhini haijatoweka. Tawi la upande huu huandika ukanda wowote ambao watu hupita. La upande ule huandika njia iliyosakafiwa na kuinuliwa juu ya barabara tu. Kwenye maeneo ya wazi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Uwanja wa shule ulihesabiwa na matawi mawili, makaburi na tawi moja, na kuna waliohesabu hadi hifadhi ya barabara.

Basi wiki nzima hatukutoka nje. Tulikaa tukaandika kurasa mbili za maana za maneno, na kila tawi likatia saini. Njia ya miguu ni ukanda wowote, uliosakafiwa au la, ambao mtu anaweza kuufuata bila kukanyaga sehemu ya magari, wenye upana wazi usiopungua sm 90. Chini ya sm 90 kiti cha magurudumu hakipiti kwa uhakika, kwa hiyo kipande hicho kinaandikwa "imekatika" hata kama sakafu yake inang'aa. Eneo la wazi tumelipa safu mbili zisizochanganywa: "limetengwa" (lipo kwenye mchoro wa mpango) na "linatumika" (mtu wa mtaani anaingia bila kuomba wala kulipa). Uwanja wa shule unaofunguliwa jioni unaandikwa "linatumika kwa masharti" na saa zake zinatajwa. Mchoro unaosema bustani wakati ardhini kuna karakana utaonekana wenyewe kwa kulinganisha safu hizo mbili, bila mtu kubishana kikaoni.

Patrick Geddes, mpangamiji wa Uskoti, alihimiza upimaji utangulie mpango zaidi ya karne moja iliyopita. Kwa kanda, kuna hatua inayoutangulia hata upimaji: kukubaliana kinachopimwa.

Wiki ya 2: Fomu

Rasimu ya kwanza ilikuwa na maswali 41. Kanuni ya kupunguza ilikuwa moja: aliyependekeza swali aeleze jibu lake litachorwa wapi kwenye ramani au litaingia kwenye jedwali gani. Asipoweza, swali linatoka. Yalibaki 14. Aina ya sakafu, upana finyu kuliko wote, kizuizi kikubwa, mteremko wa ubavuni, hali ya mfuniko wa mtaro, taa, kivuli, kivuko kilicho karibu na njia mteremko yake, na mengine machache. Swali la "maoni ya jumla" lilikufa kifo cha haki. Kisanduku kisicho na mipaka hujazwa siku ya kwanza, kisha hakijazwi tena, na hakuna anayekisoma.

Jambo moja la kiufundi limeingizwa mapema kwa sababu huja kuuma baadaye. GPS ya simu, penye anga wazi, hukosea karibu m 5; kati ya majengo marefu hukosea zaidi kwa kuwa mawimbi hugonga kuta kabla ya kufika. Barabara yenye upana wa m 7 ina njia mbili za miguu, na simu haiwezi kujua uko kwenye njia ya upande upi. Kwa hiyo upande hausomwi kwenye setilaiti. Unaulizwa kwenye fomu: "kushoto au kulia, ukitembea kuelekea namba kubwa". Kila kipande kina namba yenye herufi ya tawi na tarakimu nne, na mwelekeo wa namba umechorwa kwa mshale kwenye ramani ya karatasi. Kipande huanzia njiapanda moja hadi nyingine. Kikizidi m 150 kinagawanywa.

Tumepanga vipande 1,400 kwa kanda: barabara kuu na zile zinazokusanya magari ya mitaa. Vichochoro vya ndani vimeachwa kwa awamu nyingine.

Wiki ya 3: Vifaa na mafunzo

Mkoba wa kila jozi (wapimaji wawili wa kujitolea): simu yenye fomu iliyopakuliwa kabisa (isitegemee mtandao), betri ya akiba, tepu ya m 5, pimamaji ya sm 60, rula ya sm 30, chaki, ubao wa kuandikia, ramani za A3, penseli mbili na vizibao viwili vinavyoakisi mwanga. Ni penseli, si kalamu. Wino ukiloa hutambaa, na karatasi iliyoloa jasho la kiganja tayari imeloa.

Pimamaji ndiyo kifaa kilichowafurahisha wengi. Iweke chini ikikatisha njia ya miguu, inyanyue upande wa chini hadi povu likae katikati, kisha pima pengo kwa rula. Kwa pimamaji ya sm 60, pengo la sm 1.2 ni mteremko wa asilimia 2, na huo ndio mwisho wa kuvumilika kwa mtu anayesukuma kiti cha magurudumu, kwani ukizidi hapo kiti kinavutwa kuelekea barabarani kila anapoachia. Kwenye njia mteremko ya kupandia, pengo la sm 5 ni uwiano wa 1 kwa 12. Likizidi hapo, mtu anayejisukuma mwenyewe anahitaji msaada. Kosa la kawaida ni kuiweka pimamaji juu ya nundu moja ya zege na kusoma nundu badala ya njia. Pima mahali patatu, andika ile ya katikati.

Ramani za A3 zimechapwa kwa skeli ya 1:1,000, yaani karatasi moja inabeba m 420 kwa 297 ukihesabu na kingo. Kundi la kwanza lilitoka dogo. Aliyechapa aliacha programu "itoshee kwenye ukurasa", nayo ikabana picha kwa asilimia chache. Maandishi ya "1:1,000" yalibaki palepale yakidanganya, ila mstari wa skeli uliokuwa umechorwa ulibanwa pamoja na ramani, kwa hiyo ukabaki mkweli. Tangu leo hakuna ramani inayotoka bila mstari wa skeli, na kila chapa inapimwa kwa rula kabla ya kukatwa: m 100 lazima isomeke sm 10.

Mafunzo ni nusu siku, saa moja ndani na tatu nje. Matawi yaliyotaka kinyume chake tumewakatalia. Mafunzo ya ndani humfanya mtu aamini ameelewa.

Wiki ya 4: Jaribio

Jozi mbili zilipita barabara ileile bila kuonana, vipande 20. Upana ulitofautiana kwa sm 10 au chini karibu kila mahali. Aina ya sakafu haikuleta ubishi. Hali ya sakafu, iliyokuwa na alama 1 hadi 5, ilikuwa vurugu: wasioafikiana waliangukia 3, na 3 ikawa haina maana. Tumebadilisha ziwe alama 4, ili pasiwe na katikati ya kujifichia, na kila alama ina picha mbili zilizochapwa nyuma ya ubao wa kuandikia. Jaribio la pili, kwenye barabara tofauti, lilikuwa na tofauti ndogo inayovumilika.

Palikuwa na mjadala mrefu kuhusu upana. Baadhi walitaka wastani wa kipande kizima. Imeamuliwa ni ule finyu kuliko wote, ukipimwa kati ya vizuizi: nguzo na ukuta, meza ya bidhaa na ukingo, mfuniko uliokosekana na mti. Kiti cha magurudumu hakipiti kwa wastani. Kizuizi kinaandikwa kama ni cha kudumu (nguzo, mti, ngazi ya jengo) au cha kuondoka (bidhaa, pikipiki, kifusi), kwa kuwa dawa zake ni tofauti kabisa: cha kwanza kinahitaji fedha za ujenzi, cha pili kinahitaji mazungumzo.

Kuanzia sasa kipande 1 katika kila 10 kitapimwa mara mbili na jozi tofauti. Msimamizi ndiye anayejua ni vipande vipi.

Wiki ya 5 na 6: Nje

Waliojiandikisha 40, waliofika siku ya kwanza 26, waliobaki mwisho wa wiki ya 6 ni 19. Hili si janga. Mradi wa kujitolea unaopangwa kwa idadi ya waliojiandikisha ndio janga. Zamu ina urefu wa saa tatu, asubuhi, na jozi mpya humaliza vipande 12. Baada ya zamu mbili au tatu hufika 18. Kuivuta zamu hadi urefu wa saa tano hakukuongeza chochote. Vipande vya saa ya nne vilirudiwa karibu vyote.

Kilichowarudisha watu si barua za shukrani. Tawi la mashariki lilituma ramani ya vipande vilivyokamilika kila Jumapili jioni, vikiwa vimepakwa rangi, na jozi ikaona mtaa wake ukijaa. Matawi mengine yameiga. Jozi bora imekuwa mwanachama mzoefu na mwanafunzi: mmoja anajua kwa nini mfereji upo pale, mwingine hachoki na simu. Jozi ya wazoefu wawili hujadili barabara badala ya kuipima.

Jumla hadi Jumapili: vipande 570.

Wiki ya 7: Alama zilizozama baharini

Data za tawi moja zilipoingizwa, alama zote zilikwenda kulala Ghuba ya Guinea, pale latitudo sifuri inapokatana na longitudo sifuri. Ukiona hivyo, safu za namba hazikusomeka na programu imejaza sifuri. Chanzo kilikuwa mkato: jedwali liliandika desimali kwa mkato badala ya nukta, na programu ya ramani ikayaona kama maneno. Tawi lingine lilibadilisha nafasi za latitudo na longitudo. La tatu halikuonekana na kosa lolote mpaka tulipokuza ramani: barabara nzima ilikuwa nukta moja. Mtu alifungua faili kwenye jedwali ambalo lilikata namba hadi desimali mbili, akahifadhi. Desimali mbili za digrii ni kama km 1.1 ardhini, desimali tano ni m 1.1. Kanuni mpya: faili ghafi haifunguliwi kwenye jedwali. Inanakiliwa kwanza, na nakala ndiyo inayochezewa.

Kisha kukaja suala la mfumo wa makadirio, yaani namna ya kuulaza uso wa dunia ulio mviringo kwenye karatasi bapa, ambalo kwa mji mmoja hata halijitokezi. Mfumo wa UTM unaigawa dunia kanda 60, kila moja digrii 6 za longitudo, na eneo letu la mradi linakatwa na mpaka mmojawapo wa kanda hizo. Matawi mawili yanafanya kazi upande mmoja, matatu upande wa pili, na kila tawi liko sahihi. Ukiziunganisha bila kutaja mfumo, miji miwili jirani inaachana kwa mamia ya kilomita. Waliopendekeza tutumie makadirio ya ramani za mtandaoni walikumbushwa kwamba yale huvuta urefu kadiri unavyoondoka ikweta: kwenye latitudo 45 urefu huongezeka kwa asilimia 41 na eneo linakuwa maradufu, kwenye latitudo 60 urefu wenyewe unakuwa maradufu. Ni mazuri kwa kutazama, hayafai kupimia.

Tumechagua kanda moja ya UTM na kuiruhusu ivuke mstari wake kidogo. Gharama inahesabika: pembezoni mwa kanda ya UTM, hata karibu na ikweta ambako kanda ni pana kuliko kwingine, kosa la skeli ni kama m 1 kwa kila km, na kwenye umbali wa m 400 unaotuhusu ni chini ya nusu mita. Ukingo wa barabara unakosewa zaidi ya hapo kwa upana wa penseli.

Wiki ya 8: Kikao cha mwezi

Akidi ilitimia baada ya dakika 40. Katika yatokanayo, mhazini aliuliza tena kwa nini kanda inahitaji chama ilhali kila mji una ofisi yake ya mipango. Mfano uliotolewa ni New York: kamati ya mpango wa kanda iliundwa mwaka 1922, mpango wa kwanza ukatoka 1929, wa pili 1968, wa tatu 1996, wa nne 2017. Hakuna ofisi ya mji mmoja inayoweza kushika uzi mmoja kwa muda huo ikivuka mipaka ya majimbo matatu. Aliridhika kiasi. Ada za matawi mawili bado hazijaingia.

Azimio la maana la siku lilihusu haki ya kutumia data. Tawi moja lilikuwa limechora majengo kwa kufuatisha picha za setilaiti kutoka kwenye tovuti ya ramani ambayo masharti yake hayaruhusu kufuatisha. Tabaka lote hilo limefutwa, na linachorwa upya juu ya picha zenye ruhusa. Waliochukua barabara kutoka OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, wamekumbushwa kuitaja kwenye ramani, na kwamba hifadhidata itakayojengwa juu yake ikitolewa kwa umma lazima itolewe kwa leseni ileile. Inauma kufuta kazi ya wiki mbili. Inauma zaidi kuifuta baada ya kuichapa.

Wiki ya 9: Kuhesabu watu

Hesabu za waenda kwa miguu zimefanyika mahali 30, Jumanne hadi Alhamisi, dakika 15 mara mbili asubuhi na mara mbili jioni. Mhesabuji anachora mstari wa chaki unaokatisha njia na kubonyeza kaunta kila mtu anapouvuka, kwa mwelekeo wowote. Mtoto aliyebebwa hahesabiwi na fomu ya mtiririko, ila anahesabiwa pembeni kwa ajili ya usalama.

Namna ya kusoma: watu 450 kwa dakika 15 ni 30 kwa dakika. Gawa kwa upana unaotumika kweli, yaani upana wote ukitoa nguzo na nafasi ambayo watu huiacha wanapokwepa ukuta. Ukiwa m 1.2, unapata watu 25 kwa dakika kwa kila mita. Hapo kutembea kunaanza kutegemea mwendo wa aliye mbele yako. Ukikaribia 75 njia imejaa kabisa. Wastani wa dakika 15 huficha mawimbi, hata hivyo. Basi likishusha abiria au shule ikifungua geti, watu 100 hupita kwa dakika mbili, kisha kimya. Tumeongeza safu ya "dakika yenye watu wengi kuliko zote", na mahali 4 zilizoonekana shwari hazionekani shwari tena.

Kosa tulilolikuta: mhesabuji mmoja alikaa upande wenye kivuli na hakuwaona wanaotembea barabarani kabisa kwa sababu njia yao imezibwa. Hao ndio tuliokuwa tunawatafuta. Sasa mstari wa chaki unavuka barabara nzima, ukuta hadi ukuta, na wanaopita kati ya magari wana kaunta yao.

Vipande: 1,212.

Wiki ya 10 na 11: Mikutano ya mitaa

Mikutano 10, miwili kwa kila tawi. Kwenye ule wa kwanza ramani ilitundikwa ukutani. Waliokaa mbele wakaiona, waliobaki wakawasikiliza waliokaa mbele. Tangu wa pili ramani zimelazwa mezani, watu 6 hadi 8 kwa meza, na zimegeuzwa zifuate ardhi: barabara iliyo nje ya dirisha iwe sambamba na ile ya kwenye karatasi, kaskazini ielekee inakoelekea. Dakika 10 za mwanzo watu hawaulizwi chochote zaidi ya "tafuta kwako, tafuta shule, tafuta unapopandia gari". Asiyejiona kwenye ramani hataikosoa.

Juu ya ramani kuna karatasi angavu iliyobanwa pembe nne, ili michoro ya watu iinuliwe na kuskaniwa bila kuharibu ramani. Stika nyekundu ni "napaogopa", ya bluu ni "napita kila siku", ya njano ni "tulipaita uwanja". Kalamu hapewi anayezungumza sana, hupewa jirani yake. Hila hii ndogo ilibadilisha meza nzima mara tatu.

Mitaa miwili iliomba matembezi badala ya meza, kwa mtindo wa yale yaliyoanza Toronto mwaka 2007 kumkumbuka Jane Jacobs, mwandishi wa masuala ya miji. Tulikubali kwa masharti: km 1.5 na si zaidi, vituo 6, watu wasiozidi 20 kwa kiongozi, na mwendo wa aliye mwisho ndio mwendo wa kundi. Kituo cha nne, penye mfuniko wa mtaro uliokosekana, kilichukua dakika 25, na hilo lilikuwa sawa.

Sherry Arnstein, mtaalamu wa Marekani wa ushirikishwaji wa wananchi, alichora mwaka 1969 ngazi ya ushiriki yenye vipandio 8, kutoka kuwachezea wananchi hadi wananchi kushika hatamu. Kwa uaminifu, mikutano hii iko katikati, kwenye kushauriwa. Imesogea juu kidogo pale tu ambapo tawi liliahidi muhtasari ndani ya siku 14 na likautoa, ukiwa na safu tatu: lililosemwa, lililobadilika kwenye ramani, lisilobadilika na kwa nini. Matawi matatu yametimiza. Mawili yamechelewa, na tumewaandikia.

Wiki ya 12: Mita 400

Kipimo tunachokitumia ni kile cha UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa: eneo la wazi ndani ya m 400 za kutembea kutoka nyumbani, dakika 5 kwa mtu mzima mwenye afya, karibu 8 kwa mzee. Njia ya haraka ni kuchora duara la m 400 kuzunguka kila eneo. Duara hilo lina hekta 50. Lakini watu hawapiti juu ya paa. Kwenye mitaa iliyonyooka kama miraba, sehemu unayoweza kuifikia kwa m 400 ni umbo la almasi lenye hekta 32, asilimia 64 ya duara. Kwenye mitaa yenye vichochoro visivyotokea ni chini ya hapo tena. Ramani za duara ambazo matawi mawili yalikuwa yameshaziwasilisha kwenye halmashauri zao zilikuwa zinawapa bustani watu wasio nayo.

Tumehesabu upya kwa kufuata mtandao wa njia. Hapo likajitokeza suala la mageti. Programu, usipoielekeza, hupima hadi katikati ya eneo, au hadi ukingo ulio karibu hata kama ni ukuta. Chukua uwanja wa m 300 kwa 200 wenye geti moja katikati ya upande mmoja: mkazi aliye nyuma yake, mkabala na geti, anazunguka nusu ya mzingo, m 500, kuufikia uwanja anaouona dirishani. Tumetuma jozi zirudi kuweka alama kwenye kila geti na kuandika saa zake. Hii ilikula siku tatu na ndiyo kazi yenye faida kuliko zote za mradi huu, kwa sababu inaonyesha mahali ambapo geti la pili lingefanya kazi ya bustani mpya.

Wiki ya 13: Mpakani

Tuliyoyaona wiki ya 1 yamerudi, safari hii na namba. Kila tawi lilikata data zake kwenye mpaka wa mji wake. Nyumba zilizo pembezoni zikaonekana hazina eneo la wazi, ingawa lipo m 150 ng'ambo, kwenye mji wa jirani. Upande mwingine, vipande vya barabara ya mpakani vilihesabiwa mara mbili, kila tawi likiwa limevipa namba yake, na hali zilizoandikwa hazifanani kwa sababu kila jozi ilipima upande wake tu.

Dawa ina sehemu mbili. Kwenye kompyuta, kila tawi linachambua likiwa na data za jirani hadi m 500 ng'ambo ya mpaka, kisha matokeo ndiyo yanayokatwa, si data. Ardhini, barabara zote za mpakani zimepimwa upya na jozi mseto, mtu mmoja kutoka kila tawi, pande zote mbili za barabara kwa pamoja. Namba ya kipande inabeba herufi mbili, zikifuata alfabeti ili pasiwe na ugomvi wa nani atangulie.

Jozi mseto zimeleta kitu ambacho fomu haikukiuliza. Maeneo matatu ya wazi yapo juu ya mpaka wenyewe, hayamo kwenye mpango wa mji wowote, na yote yanatumika kila jioni. Taa hakuna, mfereji haujasafishwa, kwa kuwa kila upande unaamini ni ya mwenzake. Yamepewa rangi yake kwenye ramani. Wajumbe wa matawi husika wamekubaliana kuyapeleka pamoja kwenye halmashauri zote mbili, kwa barua moja yenye saini mbili.

Wiki ya 14 na 15: Kuchapa

Karatasi ya A0 ni mm 841 kwa 1,189. Kwa 1:5,000 inabeba km 4.2 kwa 5.9, kwa hiyo mji mmoja unaingia, kanda haiingii. Tumekwenda na karatasi 5 za 1:5,000 na moja ya kanda kwa 1:50,000. Kila karatasi ya mji inaingia m 500 ndani ya jirani, kwa rangi iliyofifia kidogo.

Rasimu ilikuwa na kijani kwa njia nzima na nyekundu kwa iliyokatika. Wapo watu wengi wasiotofautisha rangi hizo mbili. Sasa ni bluu iliyokolea na chungwa, na iliyokatika ina mistari ya vipandevipande pia. Jaribio letu ni kuichapa kwa nyeusi na nyeupe kwenye A3: ikisomeka hivyo, itasomeka ukutani. Majina ya mitaa yamewekwa kama wakazi walivyoyataja mikutanoni, jina la kiofisi likiwa chini yake kwa maandishi madogo.

Wiki ya 16: Hali ilivyo kabla ya tarehe 8

Vipande 1,363 kati ya 1,400 vimekamilika na kuhakikiwa. Kati ya 37 vilivyobaki, 29 viko kwenye barabara inayojengwa na haipitiki, na 8 ni vile ambavyo jozi mbili hazijaafikiana kuvihusu, hivyo vinarudiwa Jumamosi. Faili ghafi, faili iliyosafishwa, kurasa mbili za maana za maneno na orodha ya mabadiliko vimewekwa mahali pawili tofauti. Jina la kila faili lina tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, na neno "mwisho" limepigwa marufuku kwenye majina ya faili.

Ada ya tawi moja bado. Stika za njano zimeisha. Barua ya maeneo matatu ya mpakani imesainiwa upande mmoja. Upande wa pili unasubiri kikao cha Alhamisi.